Mwizi Asiyejua Sheria

Jumapili baada ya sala ya alasiri siwezi kutulia. Napanga viti, navipangua, natoka barazani kutazama njia inayopanda kutoka mtaa wa Rwezamenyo, narudi ndani kuangalia kama chai imechemka. Mtu akiniona atadhani nangoja wageni wangu. Si wangu. Ni wageni wa mjukuu wetu, nao wanakuja kucheza.

Mchezo huo sikuwahi kuuona mpaka mjukuu alipouleta. Watu wanakaa mezani, na kila mmoja anajifanya mtu mwingine: askari, mganga, mchuuzi, yeyote. Mmoja wao, wanayemwita mwendeshaji, anawasimulia wanachokiona mbele yao: mto umefurika, lango limefungwa, mlinzi amekasirika. Kila mmoja kwa zamu yake anasema atafanya nini. Jambo likiwa gumu inatafutwa namba, na namba ndiyo inayoamua kama umevuka au umeanguka mtoni. Hakuna anayepewa ushindi mwishoni. Hadithi inaendelea tu, Jumapili hadi Jumapili. Nyuma ya yote hayo kuna kitabu cha sheria, kinene kama vitabu vyetu vya fikihi, na hicho kitabu ndicho kilichoninyima raha.

Kwa watu wengine namba hutoka kwenye dadu. Kwetu inatoka kwenye vifungo vya nguo. Mjukuu alipohamia kwetu Nyamirambo kutoka Kampala, baada ya kupata kazi ofisini hapa mjini, alikuja na kitabu chake na kifuko cha dadu zenye pande nyingi, nzuri, za rangi rangi. Nilipoziona moyo ulinipiga. Nimesomesha Kurani na fikihi katika mtaa huu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na dadu ni kitu nilichowaambia watoto wa watu wasikiguse. Mjukuu aliniambia hawachezei hata faranga moja. Nikamwambia najua, mwanangu, nakuamini, lakini wanazuoni wameisema dadu yenyewe kwa ukali, na mimi siwezi kuibeba nyumbani kwangu. Hakubisha. Alizirudisha kifukoni, na nikaona amehuzunika.

Hapo mke wangu akainuka. Alikuwa amekaa pembeni bila kusema kitu, kama alivyokuwa akikaa siku hizo. Aliingia chumbani akatoka na kopo lake la vifungo. Miaka mingi alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ilikuwa hapo hapo barazani, na kopo lile lilibaki.

"Andikeni namba humu," alisema. "Nitashona mfuko. Mtu aingize mkono atoe kimoja. Hiyo ni kura tu. Au kura nayo ina neno, maalimu?"

Kura haina neno. Mitume wamepiga kura. Lakini nitasema kweli: siku ile hata angeniuliza jambo lenye neno kidogo, ningechelewa kulikataa, kwa furaha ya kumsikia anauliza.

Kilichokuwa kimemnyamazisha ni hiki. Alhamisi wanawake wa mtaani walikuwa wakikutana kwa jirani yetu, nyumba ya upande wa pili wa uzio wa mabati, wasome Kurani kisha wasali alasiri pamoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiwasalisha, akisimama katikati ya safu yao kama anavyosimama mwanamke anayesalisha wanawake wenzake. Wengi wao ndiye aliyewafundisha. Alhamisi moja alimaliza rakaa ya nne akainuka kusimama ya tano. Wakampigia makofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, kwa sababu hivyo ndivyo wanawake wanavyomzindua imamu wao akikosea. Aliyasikia. Baadaye aliniambia aliyasikia vizuri, lakini hakujua ni ya nini. Alidhani kuna mtu anafukuza paka. Aliendelea mpaka mwisho, akatoa salamu, akageuka, akaona nyuso zao.

Hakuna aliyemwambia neno baya. Alirudi nyumbani akavua buibui, akakaa jikoni, na Alhamisi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata hiyo. Jirani mwenye nyumba ile akipita kumjulia hali, mke wangu ananiambia, "Mwambie nimelala." Nami mtu mzima, maalimu, nasimama getini nasema amelala, huku namsikia akisogeza sufuria.

Nilijaribu kumtuliza kwa elimu niliyonayo. Nilimkumbusha sijda ya kusahau, kwamba sheria yenyewe imejua watu watasahau ndiyo maana ikawawekea sijda mbili kabla ya salamu.

"Sheria naijua," alinijibu. "Mimi ndiye niliyewasomesha mlango huo. Si sheria, maalimu. Ni nyuso."

Tulikwenda hospitali. Walimpima, wakamuuliza maswali ya siku na ya majina, wakatuambia kumbukumbu yake inapungua na itaendelea kupungua pole pole, kwa kadiri ya Mungu. Dawa walitupatia. Lakini daktari aliyempima alisisitiza jambo moja kuliko dawa: asijifungie, akae na watu, azungumze. Nikatoka pale nikiwaza watu gani. Majirani hataki kuwaona. Alhamisi hataki. Harusi hataki. Watu pekee aliokubali kukaa nao walikuwa wale vijana wa mchezo, kwa sababu hawakuwepo Alhamisi ile. Hofu yangu ikawa moja tu, nayo ilinifuata mpaka sokoni: wakimwaibisha na hawa, hatakuwa na mtu.

Nilitaka niwaambie mapema. Alinikataza.

"Ukiwaambia wataanza kunisemesha kama mtoto mchanga. Acha."

Hata mjukuu tulimwambia tu kwamba bibi amechoka.

Vijana wenyewe ni wawili, ukimtoa mjukuu ambaye ndiye mwendeshaji. Mmoja ni kijana aliyekulia Kampala, anafanya kazi ya bima, mrefu, ana adabu, shati limepigwa pasi hata Jumapili. Wa pili ni binti aliyekulia Bujumbura, anauza vitenge, anakuja baada ya misa na chakula kidogo cha mchana, na kicheko chake nakisikia toka barabarani kabla pikipiki haijasimama. Siku ya kwanza mjukuu aliwauliza kila mmoja anataka kuwa nani. Kijana akawa askari wa farasi. Binti akawa mganga wa mitishamba. Mimi nilikataa kucheza, nikasema nitaangalia. Mke wangu alifikiri kidogo, akasema, "Mimi mwizi."

"Bibi!" mjukuu alishika mdomo.

"Kwani hawamo?"

"Wamo, bibi. Mwizi yuko, anafungua kufuli, anajificha kwa kivuli..."

"Basi mimi huyo."

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mke wa maalimu, na nyumba hii watu wanapita. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka kanzu ndefu. "Maisha yangu yote nimekuwa mwaminifu. Niachie Jumapili nipumzike." Binti wa Bujumbura alicheka mpaka akainamia meza, na mke wangu akacheka, na mimi nikatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga. Alhamdulillahi, nilisema pale barazani. Kisha nikaanza kuhofia Jumapili ya pili.

Alikuwa mwizi hodari. Hapo mwanzo mjukuu hakumuuliza sheria yoyote. Alimwambia, "Bibi, kuna ukuta mrefu, na juu yake vipande vya chupa," na mke wangu akasema atavua kanga yake aikunje mara nyingi aiweke juu ya zile chupa, kisha apande kwa upande wenye kivuli, kwa sababu mlinzi yeyote saa hizo anatazama penye mwanga. Mjukuu akamwambia aingize mkono mfukoni. Akatoa kifungo. Namba ilikuwa nzuri. Kijana alifungua kitabu atafute kanga imeandikwa wapi, hakuipata, akakifunga.

Lakini kadiri hadithi ilivyokua, sheria nazo zilianza kudai haki yao. Kila mchezaji ana karatasi yake iliyoandikwa anachoweza kufanya na mara ngapi. Mwizi, kwa mfano, anaweza kupotea machoni pa watu ghafla, lakini mara moja tu mpaka apumzike. Mke wangu alipenda sana kupotea. Siku moja, baada ya kupotea darajani, alitaka kupotea tena sokoni.

"Bibi, hiyo haiko tena," kijana alisema kwa upole. "Ulishaitumia pale kwa daraja."

"Daraja gani?"

"Tulipovuka. Sasa hivi tu."

Mke wangu aliangalia karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Nikauona uso wake. Niliujua: ndio aliorudi nao siku ile ya Alhamisi. Mjukuu akasema basi, tumfanyie upesi, sokoni kuna watu wengi, ataweza tu kujificha kawaida. Hadithi ikaendelea. Mke wangu hakusema tena mpaka magharibi.

Wageni walipotoka walisimama wakabishana hapo getini, kijana na mjukuu, nami nilikuwa nafunga madirisha, nikasikia.

"Mimi simkatazi bibi," kijana alisema. "Ariko, lakini, mtu anayecheza ajue sheria zake. Si zote, zake tu. Asipojua, wewe unambeba, na sisi tunangoja. Na yeye mwenyewe haoni raha. Mtu hawezi kuchagua kama hajui kuna nini cha kuchagua."

"Anayejua sheria ni mimi," mjukuu alisema. "Mchezaji aseme anataka kufanya nini. Mimi ndiye nitafute namna."

"Basi kwa nini mimi nimesoma kitabu chote?"

"Kwa sababu ya kiherehere chako!"

Binti alicheka. "Mie mpaka leo sijui hata mganga anapona vipi mwenyewe. Nangoja niugue."

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kufuli ya dirisha. Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa kijana yule. Watu wazima waliokuja kusilimu au kujifunza upya, niliwapangia masharti ya sala, kisha nguzo, kisha yanayobatilisha, na aliyechanganya nguzo na sunna nilimrudisha mwanzo. Nilidhani ndiyo heshima ya jambo lenyewe. Na bado katika miaka hiyo hiyo niliwasimamisha watoto wa miaka saba kwenye safu, hawajui nguzo ni nini, wanatazama wa mbele yao na kuinama akiinama, na sala yao hakuna aliyeitilia shaka. Mambo yote mawili nimeyafanya kwa moyo safi. Sikuwahi kuyaweka pamoja nikayatazama. Sasa yalikuwa yamekaa mbele yangu na hayakutaka kupatana.

Na alichosema kijana kilikuwa kweli vile vile. Kuna mara niliona mke wangu amekwama, si kwa sababu alikatazwa, bali hakukumbuka kwamba ana kamba, ana mishumaa, ana funguo bandia. Mjukuu akimuuliza, "Unafanyaje, bibi?" anatabasamu tu, kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wa shemeji yake.

Nikafanya ninachojua kufanya. Nilimwomba mjukuu anisomee kitabu kile kwa Kiswahili, kidogo kidogo, jioni akitoka kazini. Mwanzoni alifurahi, akadhani babu anataka kucheza. Alisoma, mimi nikarudia, kama tulivyorudia sisi mbele ya mwalimu wetu miguu imekufa ganzi. Sehemu ya mwizi niliihifadhi yote. Nilijua anapotea mara ngapi, anafungua kufuli kwa namba gani, akianguka kutoka juu anaumia kiasi gani. Nilikuwa nikitembea kwenda msikitini nadurusu mambo ya wizi, Mungu anisamehe, na mara moja au mbili nilijikuta nayadurusu hata baada ya kutoa salamu.

Kisha Jumapili nikavuta kiti changu nikakaa nyuma ya bega lake.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Katika sala ya jamaa, imamu akisahau aya, aliye nyuma yake humkumbusha neno linalofuata, kwa sauti inayomtosha, naye huendelea. Hakuna aibu hapo, imamu hushukuru. Nimewakumbusha maimamu wengi na nimekumbushwa. Nilidhani nitamfanyia mke wangu vivyo hivyo na hakuna atakayejua.

"Una kamba," nilimnong'oneza.

"Nina kamba," akasema.

"Namba juu ya kumi," nikanong'ona alipotoa kifungo.

"Umepata, bibi!" mjukuu akasema.

"Usipotee sasa, weka akiba."

Alirudisha kifungo mfukoni.

"Muulize kama mlango una kufuli. Una funguo bandia, mbili, moja imevunjika."

Kijana wa bima alinitazama kwa heshima mpya. "Maalimu, wewe unajua kuliko mimi!" Binti akapiga kelele kwa mshangao, "Yampaye inka, huyu mzee atatuibia sote!" Wakacheka, nami nikacheka, na sikuona kwamba mke wangu ameweka mikono yote miwili mapajani na ameacha kutazama meza.

Waliendelea mpaka wakafika kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa hadithi, amefungiwa mtoto wa watu ndani, na mwizi ndiye pekee anayeweza kuingia. Mjukuu aligeuka. "Bibi, wote wanakungoja wewe. Unafanyaje?"

 Nilihesabu pumzi zangu. Nilijua jibu, lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Niliinama.

"Dirisha la juu," nilisema. "Kamba, halafu—"

"Maalimu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mezani, na wote wakasikia.

"Ndiyo, mama."

"Unanipigia makofi."

Vijana hawakuelewa. Binti alitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imetulia juu ya magoti. Mimi nilielewa. Nikainuka, nikasema naenda kutazama chai, na chai ilikuwa imeshanywewa.

Nilikaa jikoni kwenye kigoda chake. Kutoka pale meza huioni, lakini unasikia. Nilimsikia mjukuu akisema tupumzike kidogo, kisha nikasikia hatua zake, naye akasimama mlangoni. Ana macho ya bibi yake. Hayapitwi na kitu.

"Babu. Bibi hajachoka tu, sivyo?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Sikusema. Nilitazama sufuria, naye akatazama sufuria, na hiyo ikamtosha.

Alirudi mezani. Nikasikia karatasi zikivutwa.

"Leteni karatasi zenu," alisema. "Zote."

"Za nini?" hiyo ilikuwa sauti ya kijana.

"Nakaa nazo mimi. Kuanzia leo hakuna anayesoma hapa. Unataka kufanya kitu, unasema. Kama iko, nitakwambia iko. Kama haiko, nitakwambia nini iko karibu na hiyo. Na kila zamu, kabla hujasema, nakukumbusha ulicho nacho mfukoni, wewe, yeye, bibi, wote sawa."

"Haiwezekani. Mimi askari wangu nimempanga miezi!"

"Kwani ataondoka? Yuko. Anashikwa na mimi tu."

"Mpe karatasi, wewe," binti alisema. "Mpe, au naja kukunyang'anya na dawa zangu."

Alitoa. Nilisikia anavyoitoa, kama mtu anayevua saa. Na wakaanza tena. Mjukuu alimkumbusha kila mmoja alicho nacho, si kama orodha, bali ndani ya hadithi: askari, upanga wako unagonga goti ukitembea, na farasi umemfunga mbali; mganga, majani yako yamelowa mvua ya juzi; mwizi, kamba umejizungushia kiunoni, na mfukoni funguo zinakuchoma kidogo. Nikiwa jikoni nilitamani kupiga kelele kwamba amesahau mishumaa. Niling'ang'ania ukingo wa kigoda.

"Bibi, unafanyaje?"

 Pikipiki zilipita njiani, moja, ya pili ikipiga honi. Miguu yangu ilishainuka mara mbili bila ruhusa. Ya tatu nilisimama kabisa, nikafika kwenye pazia, nikashika pazia.

"Huyo mtoto ndani," mke wangu alisema taratibu, "analia?"

"Analia, bibi."

"Basi sipandi dirisha. Nabisha hodi mlango wa uani. Mpishi atafungua. Hakuna mpishi anayesikia mtoto akilia siku nzima akawa na raha. Nitamwambia, mama, nipe huyo mtoto, na wewe ukiulizwa sema umeibiwa."

Hilo halikuwa kwenye kitabu. Najua, nilikihifadhi. Mjukuu akasema, "Toa kifungo, bibi." Sikuona namba. Nilisikia binti akisema "Eeh!" na kiti kikisukumwa.

Jumapili zilizofuata niliendelea kukaa jikoni, na sitajifanya kwamba nilikaa kwa utulivu. Mke wangu hakupona. Haikuwa ahadi hiyo. Kila Jumapili aliuliza upya ule mfuko ni wa nini, na mjukuu alimwambia upya. Mara nyingine alisema jambo lisilokuwa na kichwa wala miguu, mjukuu akalitafutia mahali. Mara nyingine halikupata mahali, likapita. Kijana wa bima ndiye aliyenishangaza. Bila karatasi alianza kusahau na yeye. Siku moja alitaka kumpandisha farasi ndani ya mtumbwi, akasahau kwamba farasi alishauzwa, na mke wangu akamwambia, "Kijana, hiyo haiko tena," akiiga sauti ya kijana mwenyewe, mpaka wakashika mbavu. Alitoka siku ile amelegeza kola. Lakini getini bado alimwambia mjukuu kwamba yeye haoni kama ni sawa, na kwamba meza nyingine, watu wote wakiwa hawajui, ingeanguka kwa siku moja. Mjukuu alisema huenda. Mimi nasema huenda vile vile. Mtu mmoja lazima ajue, tena ajue vizuri kuliko kitabu, ili wengine waweze kukosea mbele yake bila kuumia. Sijui kama nimewahi kuwa mwalimu wa namna hiyo. Namwomba Mungu anionyeshe, akinipa muda.

Wiki iliyopita jirani alipita tena. Ilikuwa katikati ya mchezo, mlango umefunguliwa kwa sababu ya joto, na nilikuwa nimetoka kuleta maji. Alisimama kwenye kizingiti na bakuli la sambusa limefunikwa kitambaa.

"Asalaamu alaykum. Nimesikia vicheko, nikasema leo hakulala mtu humu."

Niligeuka haraka nimkinge. Sentensi ya uongo ilikuwa tayari mdomoni, na mwenye kulala alikuwa amekaa pale mbele yetu, mkono mmoja ndani ya mfuko wa vifungo. Mke wangu aliinua uso. Walitazamana. Jirani ndiye aliyekuwa kulia kwake safuni Alhamisi ile, bega kwa bega. Makofi ya kwanza yalikuwa yake.

"Waalaykumu salaam," mke wangu alisema. Kisha akaongeza: "Mbona umesimama mlangoni kama mdai? Ingia."

"Dada, mnafanya nini?"

"Tunaiba."

Jirani alinitazama mimi. Nilitazama dari.

"Kaa hapa," mke wangu alisema, akipiga piga kiti kilicho karibu naye, upande wa kulia. "Si kitu kigumu."

"Mimi michezo ya vijana siijui, dada. Sijui hata sheria yake moja."

"Hapa hakuna anayejua. Wanajua yule," akamwonyesha mjukuu kwa kidevu, "na huyu mzee, lakini huyu tumemkataza kusema."

Binti alimpokea bakuli. Kijana alisogea, akampisha, akaanza kumweleza jambo, kisha nikamwona akijizuia. Jirani alikaa ukingoni mwa kiti, buibui akiishikilia kama aliye tayari kuondoka. Mke wangu alimpelekea mfuko. Jirani aliingiza mkono ndani kwa woga, kama aliyeambiwa kuna nyuki, akatoa kifungo cheupe cha shati, akakigeuza kuangalia namba.

"Sasa?" aliuliza. "Hii nzuri au mbaya? Nifanye nini nayo?"

Nilijua jibu. Nilisimama pale na jagi la maji mkononi, na sheria nzima imenijaa kinywani.

"Kirudishe kwanza," mke wangu alimwambia. "Namba baadaye. Kwanza sema wewe ni nani, halafu sema unataka nini."